Sema Ukiniangalia

Muheto, tarehe 11 mwezi wa kumi 2021

Dada Vestine,

Amani ya Bwana ikae mu nyumba yako. Huku tuko, kwa neema yake. Mama iko muzima, miguu tu njo inamusumbua, na baridi ya huku unaijua. Béata na watoto wanakusalimia. Mvua ilikawia, lakini maharage imeota vizuri kwa ile pande ya mulima yenye inaangalia Bihambwe. Ngombe moja imezaa.

Najua utashangaa kuona maandiko yangu. Ni miaka kumi na tatu. Siandike juu ya ile mambo ya zamani. Naandika juu ya kazi, na prefe, mukubwa wa masomo yetu, njo alinituma.

Inspekta aliita maprefe wote mu Masisi, akawasomea namna watoto walifanya mu egzame ya mwisho ya secondaire. Hapa kwetu wameanguka Kiingereza. Kwenu Kashebere wameanguka Kifaransa. Prefe wangu na wenu walikuwa wamekaa bega kwa bega kwa banki moja, wakaangaliana, mumoja akasema: "Ninyi muko na mwalimu wa Kiingereza, sisi hatuna. Sisi tuko na wa Kifaransa, ninyi hamuna. Juu ya nini kila muntu aanguke peke yake?" Wakapatana masomo haya mawili, ya Muheto na ya Kashebere, yasaidiane mwaka muzima.

Alipofika huku akaniuliza: "Yule mama Vestine wa Kashebere, unamujua?" Nikajibu: "Namujua." Sikusema wewe ni dada yangu.

Wewe Kiingereza ulijifunza mu kambi ya wakimbizi ya Uganda, kwa watu wenye walikisema. Mimi nakifundisha hapa juu hakuna mwingine, lakini nilikitoa mu kitabu. Basi tunaomba urekodi sauti yako kwa kadi ya telefone, watoto wasikie namna maneno inatamkwa. Mimi nitakusomea dikté za Kifaransa vilevile, watoto wasikie na kuandika. Na watoto waandikiane: wa kwetu kwa Kiingereza, usahihishe wewe, wa kwenu kwa Kifaransa, nisahihishe mimi.

Kama unakubali, rudisha jibu kwa njia ya Kanyamibwa, muntu wa pikipiki. Yeye anafika Masisi tu, pale anaipatia mwenzake mwenye anaendelea mpaka kwenu. Rezo ya telefone huku ilikufa tena.

Kaka yako,
Léonard Nsengimana, mwalimu wa Kifaransa


Kashebere, tarehe 30 mwezi wa kumi 2021

Kaka Léonard,

Nakusalimia, nasalimia Béata na watoto wenye sijaona sura zao. Mwambie Mama nimeshika barua yenye ilitoka mu nyumba yenye yeye analala, nikaiweka kwa shavu. Miguu yake muikande na mafuta ya moto, asikatae.

Watoto wangu wawili ni wazima. Myriam iko na miaka kumi na moja, ni murefu kunipita mabega. Samy anaanza kusoma. Ugonjwa ya majani iligusa mihogo yetu, lakini tunakula. Hukuuliza habari ya wengine wa nyumba yangu, basi nami siandike.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama dada, mara ya pili kama mwalimu. Kama mwalimu, nakubali.

Ngoja nikuambie hali yetu. Huku Kifaransa kinafundishwa na mwalimu wa hesabu, muntu muzuri, lakini naye anasoma tu yenye imeandikwa. Watoto hawajasikia hata siku moja muntu akisema Kifaransa bila kuinamia kitabu. Kisha mwisho wa mwaka tunawapeleka mbele ya muntu wa egzame mwenye hawamujue, anawapatia maandiko wasome, anawauliza, wajibu kwa kinywa. Mwaka jana walitoka pale wakilia. Mumoja alinyamaza mpaka saa yake ikaisha, na ile saa yote muntu wa egzame alikuwa anamungojea.

Mwaka huu wako kumi na nne. Kuna binti moja anaitwa Léontine, anaandika vizuri kupita wote, lakini ukimuuliza kitu anaongea na meza. Prefe wetu anaomba ukuje mwenyewe wiki mbili, mbele ya egzame. Mimi napitisha tu neno lake.

Kadi ya sauti iko mu hii bahasha. Nimesoma maandiko sita, pole pole.

Vestine


Muheto, tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 2021

Dada Vestine,

Salamu mu hii majuma ya kungojea Noeli. Tumeanza kuvuna maharage. Mama anakula vizuri. Nilimusomea yenye uliandika juu ya shavu, akaniomba barua, akaishika mpaka jioni. Hajue kusoma, unajua.

Kadi ilifika kavu. Prefe iko na radio ndogo yenye inakula nguvu ya jua, tukaiweka ndani, klasi nzima ikasogea karibu. Watoto wanasema sauti yako ni safi. Laetitia, binti wa mwaka wa mwisho mwenye akili kupita wote, alisimama akaandika kwa tablo maneno kumi na mbili yenye mimi nilikuwa nawatamkia vibaya. Nilikubali mbele yao wote. Mwalimu mwenye hakubali kusahihishwa hajapenda kazi.

Ninakurudishia kadi na dikté ine. Nilizisoma mu klasi, watoto wakiandika, ili wa kwenu wajue mwendo. Pamoja na hiyo kuna barua makumi mbili na mbili za Kiingereza. Niliwaambia waandike juu ya masomo yao na mwalimu wao. Sijazisoma, ni zako. Sahihisha bila huruma.

Juu ya kuja Kashebere: barabara ni matope matupu mpaka Nyabiondo, na Mama hapana kumuacha. Ambia prefe wenu asante.

Léonard


Kashebere, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2022

Kaka Léonard,

Mwaka mupya muzuri kwenu wote. Tulipita Noeli kwa utulivu. Samy aliimba mu kanisa, akasahau mstari wa pili, akaimba wa kwanza mara mbili, watu wakapiga makofi.

Dikté zako tulizisikiliza. Kifaransa chako bado ni kile chenye Papa alikuwa anajisifia mbele ya mapadri. Lakini kaka, nilisikia na kitu kingine. Mu dikté ya pili mutoto anakuambia: "Mwalimu, tafazali, rudilia." Wewe unamujibu: "Ndiyo, ukimaliza kuandika ufunge kaye." Anakuomba tena, na sauti kubwa. Unamuambia: "Vizuri sana." Na wewe mwenyewe unasoma kama muntu anaita ngombe ku ngambo ya bonde.

Nilijiambia pengine ni mvua kwa mabati. Kisha nikasahihisha barua za watoto wako, nikafika kwa ya Laetitia. Nakuandikia yenye alisema, kwa Kiswahili chetu: "Mwalimu wetu hatusikie. Ni miaka miwili sasa. Kila siku wawili wetu wanakaa mbele na wanarudilia majibu ya wengine, midomo wazi, ili asome kwa midomo. Yeye anafikiri hatujue. Hatumwambie prefe, juu watamuondoa, na hatutaki mwingine."

Barua yake ilikuwa na makosa tatu ya sarufi. Sikuyagusa.

Uliandika "watoto wanasema sauti yako ni safi." Ulisema watoto wanasema. Masikio yako ilipatwa na nini, kaka?

Natuma furushi ya barua za Kifaransa za watoto wangu kumi na nne. Nimeifunga na kamba, ni nzito.

Vestine


Muheto, tarehe 2 mwezi wa pili 2022

Dada,

Salamu. Wote ni wazima.

Tulikuomba usahihishe Kiingereza. Hatukukuomba kupima masikio ya watu. Watoto wa siku hizi wanaandika kila kitu ili kujaza kurasa. Kama maneno kama ile inafika kwa prefe, ni wewe utakuwa umeifikisha.

Nimefundisha miaka makumi mbili na saba. Hii klasi njo jina langu. Nje yake niko muntu wa jembe kama wengine wote wa huu mulima.

Furushi yako sikuipata. Kanyamibwa anasema mwenzake aliiacha njiani, hajue vizuri ni fasi gani.

Léonard


Kashebere, tarehe 21 mwezi wa pili 2022

Kaka,

Nakusalimia tena. Mihogo mipya tuliipanda wiki hii, miche tulipewa na jirani. Myriam alikuwa na malaria, amepona.

Nakuomba kitu kimoja mbele ya yote: usimuguse Laetitia. Hakuandika ili kujaza kurasa. Aliandika kwa lugha yenye alifikiri hautaisoma, kwa muntu mwenye hamujue, juu ilikuwa inamulemea. Ni mara ya kwanza mu maisha yake Kiingereza kimemutumikia kwa kusema kitu cha kweli. Wewe mwalimu wa lugha, utamupiga juu ya hiyo?

Sikumwambia muntu, wala prefe wenu, wala wetu.

Najua namna ya kukaa na kitu mu nyumba bila kukitaja. Unapika karibu nacho, unalala karibu nacho, wageni wakiingia unasimama mbele yacho. Nami niko na changu. Nilitaka uniulize. Haukuniuliza.

Ukuje, kaka. Wale kumi na nne hawana mwingine. Usiposikia, mimi nitakaa kando yako mu klasi, nitakuandikia kwa kaye kila kitu wanasema. Kazi yenye Laetitia na wenzake wanaifanya, nami naiweza.

Dada yako,
Vestine


Kashebere, tarehe 29 mwezi wa tatu 2022

Kaka,

Salamu kwa Mama na kwa wote. Tangu mwezi wa pili sina neno kutoka kwako. Watu wa pikipiki wanasema barabara imefungwa, wengine wanasema vita, wengine daraja. Kila muntu mwenye anashuka kutoka Masisi namuuliza.

Kama barabara njo inakuzuiya, nangoja. Kama ni hasira, niambie tu ya kwamba ni hasira. Egzame inakaribia, na Léontine bado anaongea na meza.

Vestine


Muheto, tarehe 14 mwezi wa ine 2022

Dada yangu Vestine,

Tuko wazima. Ilikuwa barabara. Ilikuwa na hasira pia. Wiki sita hakuna pikipiki yenye ilipanda. Watu walikuwa wanapigana kwa milima ya juu ya Masisi, na sisi tulikimbia na godoro kwa kichwa, tukalala siku ine ku Bihambwe. Tulirudi, nyumba tuliikuta imesimama.

Jana Kanyamibwa alileta barua zako mbili pamoja, na ile furushi. Ilikuwa imekaa mu nyumba ya mama moja muuza mafuta, kamba imekatwa, kurasa za juu zimelowana. Niliketi saa ileile kuzisahihisha, juu nilikuwa na haya ya kuanza na barua zako.

Nikafika kwa ya Léontine. Anaandika vizuri, kweli. Aliandika neno "mujane" akakosea herufi moja. Bic nyekundu ilikuwa mu mukono wangu. Nilipiga mstari chini ya neno, nikaandika herufi yenye ilipashwa kuwa pale, nikaendelea, kisha nikarudi nikasoma sentensi yote.

"Mwalimu wetu wa Kiingereza ni mujane. Bwana yake Élie alikufa na maji mu mwaka 2020. Daraja ya miti ilikuwa imevunjika, yeye aliingia mu muto akavusha watoto wa masomo mumoja mumoja ku mabega. Mimi nilikuwa wa mwisho kuvuka."

Vestine. Miaka miwili. Uliniandikia juu ya mihogo, na juu ya Samy kusahau mstari, na hukuandika. Na mimi sikuuliza. Jina la Élie sijaliandika hata mara moja mu barua zangu zote. Nilizirudilia mu kichwa, moja kwa moja, nikaona ni kweli.

Nilienda kumwambia Mama. Nilimwambia na sauti kubwa kama kawaida yangu, na majirani wakasikia, si kitu. Kisha akanishika kidevu ili niangalie mudomo wake, na mimi nilifikiri hajue ya kwamba sisikie. Akasema pole pole: "Ile muntu hatukuuliza habari yake akiwa muzima. Tungejua namna gani ya kwamba amekufa?"

Sasa nakuambia yangu. Ni sindano za kifua kikuu, mu 2019. Miezi miwili kila asubuhi. Kifua kilipona. Masikio ilianza na mulio kama wa nyuki, kisha ndege wakanyamaza, kisha watoto. Sasa nasikia ngoma, na radi, na sauti ya Béata akikasirika. Nilificha juu prefe angetafuta mwingine, na mwingine hayuko, na watoto wangebaki bure. Njo vile nilijiambia. Kweli ni hii: niliogopa.

Laetitia sijamugusa. Nilimwita leo, nikamuuliza ni nani wanakaa mbele kesho. Alilia. Akanionyesha liste. Wanaipanga kila wiki, tangu miaka miwili.

Nitakuja wiki ya pili ya mwezi wa tano. Mama anasema nisirudi bila kuwaleta watoto wako kwa picha.

Kaka yako,
Léonard


Kashebere, tarehe 20 mwezi wa sita 2022

Kaka Léonard,

Tunamushukuru Mungu juu ulifika salama. Mwenzake wa Kanyamibwa anasema ulianguka mara mbili mu matope na mara zote mbili ulimuuliza kama yeye njo ameumia. Samy anauliza kila siku ni lini utarudi, juu wewe ni mukubwa wa kwanza mwenye anamulazimisha apige kelele.

Egzame ya kinywa ilipita. Alama hatujue, itatoka na zingine zote. Lakini ngoja nikuambie namna ilikuwa, juu hauko na mwingine wa kukuambia.

Unakumbuka siku yako ya kwanza mu klasi. Ulisimama, ukawasalimia kwa Kifaransa, kisha ukasema kwa Kiswahili: "Mimi sisikie. Muntu mwenye anataka kunijibu, akuje mbele, asimame wima, afungue kinywa, na aseme akiniangalia. Akiangalia chini, kwangu ni kama hajasema." Niliona watoto wanatazamana. Mwalimu wa hesabu, mwenye alikuwa kwa mulango, aliondoa kofia yake. Siku tatu Léontine alikaa nyuma. Siku ya ine ulienda ukapiga magoti mbele ya banki yake, ukaweka macho yako chini ya macho yake, na hapo hakukuwa tena fasi ya kuficha. Alisema sentensi moja. Ukamuambia: "Mudomo ya juu haijatembea. Tena." Alisema mara kumi na moja. Nilihesabu.

Basi siku ya egzame nilikaa inje, chini ya dirisha. Léontine aliingia. Nilisikia muntu wa egzame akiuliza, na sauti yake ikajibu, wazi, mpaka kwangu inje. Alimuuliza akitoka masomo anataka kufanya nini. Akasema anataka kujenga madaraja. Kisha hakunyamaza, akaeleza juu ya nini. Alitaja jina la Élie pale mbele ya mugeni, kwa Kifaransa, na sauti haikutetemeka. Yangu njo ingetetemeka.

Walipomaliza wote, ule muntu alitoka, akamuuliza prefe: "Hawa, ni nani aliwafundisha kumuangalia muntu vile?" Prefe akataja jina lako na Muheto.

Sasa kuna mambo mawili sikukuambia ulipokuwa hapa.

Ya kwanza. Asubuhi yenye ulipotea, nilikutafuta mpaka kwa kaburi, nikaona haupo. Nilikukuta mu shamba ya juu, ile ya Élie, yenye hatujalima tangu alipoenda juu mikono yetu haitoshi. Ulikuwa na jembe lake. Kakake na Élie alikuja kwa njia, akasimama, akaniuliza kwa Kihunde, lugha yao: "Huyu ni nani mu shamba ya mudogo wangu?" Nikasema: "Ni kaka yangu." Wewe haukusikia, ulikuwa umeinama. Alikuangalia wakati murefu, akarudi kwake. Nilifikiri amekasirika. Akakuja na jembe, akaanza ku mwisho mwingine wa shamba. Mulikutana mu katikati saa ya sita. Nataka ujue ya kwamba hakunizungumuzia tangu mazishi, na jioni ile alileta sombe, majani ya mihogo ya kupika.

Ya pili ni ya kuuliza. Siku ya ndoa yangu nilikungojea. Papa alikuwa amekufa, na wewe njo ulipashwa kunitoa. Muchungaji alikawisha ibada saa nzima juu niliomba. Kila pikipiki yenye ilipita niligeuka. Juu ya nini haukukuja, kaka? Wiki mbili ulilala mu nyumba yangu na sikuweza kukuuliza, juu wewe kukuuliza lazima nikuangalie. Kwa hiyo nakuuliza kwa karatasi.

Vestine


Muheto, tarehe 10 mwezi wa saba 2022

Dada yangu,

Wote wa nyumba hii wanasalimia wote wa nyumba yako: wewe, Myriam, Samy, kakake na Élie, na Élie mwenyewe mwenye analala ku ile mulima. Mama alizitia zile picha mu Biblia yenye hasome. Anazitoa kila mugeni akiingia.

Uliuliza. Nitajibu bila kujipamba.

Siku ile nilivaa koti ya Papa. Béata alinipaka mafuta kwa viatu. Nilitoka saa kumi na mbili ya asubuhi, ili nifike kwenu mbele ya ibada, na kweli nilikuwa nataka kufika. Usiamini muntu mwenye atakuambia nilikataa tangu mwanzo. Nilifika Bihambwe. Pale kwa njia panda kulikuwa wanaume watano ao sita, watu wetu, wenye nilisoma nao. Mumoja akasema: "Mwalimu, koti hiyo unaenda nayo wapi?" Ilikuwa ile miaka mibaya ya chuki ya makabila, unaikumbuka, watu wa mulima mumoja walikuwa hawapite kwa njia ya wengine. Nilipashwa kusema: naenda kumutoa dada yangu, anaolewa na Muhunde wa Kashebere. Ni maneno machache. Mimi, mwalimu wa lugha, sikuyapata. Nikasema: "Naenda kutafuta mbegu." Wakanisindikiza kwa duka ya mbegu. Nilinunua mbegu ya viazi nikiwa nimevaa koti ya ndoa, nikarudi nyumbani. Béata alifungua mulango, akaona mufuko, hakuniuliza. Kisha nilitafuta sababu, na sababu haikose kwa muntu mwenye anaitafuta. Nilisema wewe njo ulituacha. Nilisema hivyo miaka kumi na tatu, mpaka nikaanza kuiamini.

Élie hakunifanyia kitu. Sikumuona hata mara moja na macho. Nilimujua kwa jembe lake, mupini umekula fasi ya vidole, nikaweka vyangu pale.

Kisha niliporudi huku nilienda kwa prefe. Nilimwambia: "Sisikie, ni miaka miwili, watoto walinifichia." Alitoa karatasi akaandika: "Najua. Nilikuwa nangoja uniambie." Mwaka wenye unakuja nitafundisha maandiko na kuwatayarisha kwa kinywa, kwa ile namna yangu. Dikté na kusikiliza atafanya Laetitia, kama akipita, juu anataka kungojea mwaka mumoja mbele ya kuendelea na masomo. Na prefe ameomba wenu akuache ukuje kwetu wiki mbili mu mwezi wa kumi. Usijibu "napitisha tu neno lake." Jibu wewe.

Nimalize na jambo la jana. Inspekta aliita masomo mengine yenye yanataka kuingia mu hii mapatano yetu. Tulikuwa masomo sita, na mukutano ulifanywa Bihambwe, mu kanisa, hatua hamsini kutoka kwa ile njia panda. Kanisa ilijaa. Kulikuwa maprefe, walimu, wazazi, na wale wenye wananijua tangu utoto; wawili kati ya wale wa njia panda walikuwa pale, vichwa vyeupe sasa, wamekaa banki ya tatu.

Inspekta alinipatia karatasi: "Eleza namna ilianza, na ni nani alifundisha Kiingereza ku ngambo ingine."

Nilipanda mbele. Ningeweza kusema "mwenzetu wa Kashebere," na watu wangepiga makofi, na tungeenda kula. Niliwatafuta wale wawili, nikawaangalia. Nilisema: "Ni dada yangu wa tumbo moja, Vestine. Aliolewa na Élie, Muhunde wa Kashebere. Élie ni shemeji yangu. Alikufa akivusha watoto wenye hawakuwa wake, na mimi sikumuzika, juu siku ya ndoa yao niliwadanganya watu mu hii Bihambwe ya kwamba naenda kununua mbegu."

Sijue sauti yangu ilikuwa kubwa namna gani. Sijue walisema nini. Niliona midomo inatembea banki kwa banki, na sikutaka kuisoma. Kisha mumoja wa wale wawili alisimama, akakuja mpaka mbele, akanishika mabega yote mbili ili nimuangalie vizuri. Akafungua kinywa, pole pole, kama muntu anafundisha mutoto kutamka.

Aliuliza: "Watoto wake ni wangapi?"

Nikamwambia majina yenu.

Léonard